Swali Ulilotuachia, Tata

Tata,

Bado naamka na mkono unakwenda kwenye simu kabla macho hayajafunguka vizuri. Natafuta swali lako. Halafu nakumbuka kwamba sina baba tena. Wanasema kilio kikiisha mtu huzoea. Waongo! Mimi sijazoea.

"Bana yangu, mulilamuka? Mi nilikula bukari ya jana na sombe, mama yenu ananicheka. Swali ya leo." Ndivyo ulivyotuamsha sisi wanao kila asubuhi kwenye kundi la familia, kwa ujumbe wa sauti, maana kuandika kwenye simu ulisema ni kazi ya wenye vidole vyembamba. Mara nani alitawala Musumba kabla wazungu hawajafika, mara kwa nini reli ilipita huku na si kule, na katikati habari za goti lako na kuku wa jirani. Jibu ulilitoa jioni, baada ya sala. Mimi na shule yangu nilipata karibu kila siku, nikaambulia neno moja tu: "Bien, Odile." Fino, mdogo wangu, alijibu kila siku ya Mungu, na kila siku alikosa. Na kila akikosa ulimpigia, mkaongea mpaka uniti zinakwisha. Niliona wivu, nakwambia wazi.

Siku ile uliuliza: "Mbele ya franga, bankambo betu balikuwa banauza na kununua na nini?" Nikaandika mbio: misalaba ya shaba, ndiyo pesa ya mababu zetu. Dada Mado akajibu kutoka Likasi. Fino kimya. Nikasema moyoni yuko shimoni Mashamba, kwenye mgodi wa shaba, na wachimbaji wenzake. Sikuwaza zaidi. Nani angewaza? Ulikuwa mchezo!

Mama anasema ulisukuma sahani ya saa sita ikiwa nusu. "Fino hakujibu," ukamwambia. "Mi naenda kumutafuta." Na goti lile, na jua lile, ukapanda pikipiki ya kukodi. Kwenye kizuizi cha Mashamba uliomba maji kwa mlinzi, ukaketi juu ya jiwe. Maji yalipoletwa ulikuwa umeshakwenda. Moyo, daktari alisema. Na Fino alikuwa mzima, Tata! Courant ya umeme ilikatika usiku, simu yake ikazima, basi. Alisikia kuna mzee ameanguka, akatoka na vumbi lake kuangalia kama watu wote. Akakuta ni wewe.

Nilipopigiwa nilimwambia yule mtu kwamba haiwezekani, Tata hajatoa jibu la leo. Nilimwambia hivyo, na nilikuwa nasema kweli kabisa.

Kwenye kilio hasira zilinipanda. Nikamwuliza Mama, mtu wa umri ule anakwendaje Mashamba kwa sababu ya swali la historia? Akanitazama kama ananionea huruma. "Odile, tata yako alikuwa pointeur."

Nililijua hilo tangu utotoni, na sikuwa nalijua. Ulikuwa mlinzi wa ubao wa kampuni ya migodi. Mchimbaji akishuka anatundika jeton yake, kile kipande cha bati chenye namba, akitoka anaichukua. Jeton moja ikibaki, kuna mtu bado yuko chini, na pointeur harudi nyumbani. Tulizoea kula bila wewe siku hizo. Kumbe ulipostaafu ulihamisha ubao tu. Jibu sahihi au la kijinga, kwako lilikuwa mamoja. Ulitaka kusikia kwamba kila mmoja wetu ametoka shimoni salama.

Baada ya mazishi Fino alirudi Mashamba bila kuaga. Simu hapokei. Wenzake walituma habari kwamba anashuka mashimo ambayo wao wenyewe wanayakataa, kwamba hali chakula, haongei. Mama aliacha kulala. Mimi niliogopa, Tata. Kumzika Fino kungekuwa kukuzika wewe mara ya pili.

Jana nikachukua simu, nikabonyeza kurekodi. "Mulilamuka? Mi nilikunywa chai bila sukari. Swali ya leo ni ya Tata, tulikuwa hatujaimaliza." Nikalirudia vilevile ulivyoliuliza. Mado akajibu huku analia. Mama, ambaye hajawahi kujibu hata moja, akasema misalaba. Fino kimya. Nikavaa viatu, nikakaa navyo mlangoni, moyo wote uko barabara ya Mashamba.

Jua linaelekea kuzama, simu ikalia. Sauti ya Fino, kavu kama ya mtu mgonjwa: "Balikuwa bananunua na mayai ya kuku."

Mayai! Mtoto anayelala na kuamka juu ya shaba! Na jibu liko palepale kwenye simu, nililiandika mwenyewe siku ile, nalo hajalifuta. Miaka yote ile, Tata, alikuwa anajua. Alikosa ili umpigie.

Basi nikampigia. Alilia, nami nikamweleza habari za misalaba kama ulivyokuwa ukieleza, na za goti lako, na za kuku, mpaka uniti zikakwisha. Kesho anakuja huku nyumbani Kapata kumwona Mama.

Ubao ninao mimi sasa. Kila asubuhi nitauliza, na asiyejibu nitamfuata kwa miguu yangu.

Leo nimeuliza tena, na jioni hii wote wamejibu. Hakuna jeton iliyobaki. Unaweza kurudi nyumbani, Tata.

Odile wako