Jikoni kwa Mama Kibet

Jumanne

Bado namshangaa Mama Kibet. Asubuhi mtangazaji wa redio alirudia na kurudia kwamba mwana wa Mama Kibet aliuawa na "Muislamu." Yule fundi aliyemuua mkewe juzi aliitwa "mshukiwa" tu, kanisa lake hakuna aliyelitaja. Nilikasirika, halafu nikaogopa. Mama Halima wa duka, naye Muislamu, angekujaje matanga?

Jioni akaja na buibui lake, amebeba sukari na majani chai kama jirani yeyote. Waombolezaji hemani wakageuka kumtazama.

Mama Kibet akainuka, akamshika mkono. "Mama Halima, mbona unasimama hapa kama mgeni? Twende jikoni."

Wageni hukaa kwenye hema. Jikoni ni pa watu wa nyumba.

Mtoto wake bado yuko mochari. Hiyo nguvu aliitoa wapi?