Kamati ya Kunisindikiza Mpaka Feri

Kwako dada yangu Mama Kioko, hapo Gatina,

Kabla sijasema lolote, niambie goti linaendeleaje. Mwende aliniambia siku hizi unapanda ngazi za hiyo ploti kando kando kama kaa. Nilicheka, halafu nikaona aibu, nikakuombea. Mungu aliyekuinua kutoka ile homa hawezi kushindwa na goti. Mimi niko mzima. Mgongo unalalamika kwa sababu ya kuinua wazee kazini, lakini mmoja wao ameanza kuniambia "asante" kwa Kiswahili, kwa hivyo siku haziendi bure.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu yako inashikwa na ploti nzima, na hii habari nataka uisome wewe kwanza, ucheke peke yako, ndio sasa uwasomee wengine.

Unajua Mwende alikuwa karibu kujifungua huku Ayalandi, na bwanake ni dereva wa lori, wiki nzima yuko barabarani. Akanipigia: "Mum, sitaki nguo, sitaki pesa. Nataka tu nikiingia hospitali uwe umefika." Dada, unakumbuka nilivyomzaa yeye mwenyewe. Mama yetu yuko Kitui, mvua imekata barabara, mimi niko kwenye chumba pale Kianda, nimeshikwa mkono na jirani ambaye hata jina sikulijua. Nikasema mtoto wangu hatapitia hiyo, Mungu akinipa miguu.

Basi nikaomba ruhusa kazini, nikakata tiketi ya feri ya jioni, ile ya mwisho. Mpango wangu ulikuwa mdogo kabisa: treni, bandari, feri. Kosa langu lilikuwa kuutaja kwenye ushirika.

Ushirika wetu wa Wakenya kule Uingereza hukutana Jumapili sebuleni kwa Mzee Wafula, yule aliyekuwa fundi wa viatu pale stendi ya Kawangware 46. Kule yeye ndiye mzee wa kanisa. Nilisema tu, "Mniombee, Alhamisi nasafiri." Mzee akavua miwani.

"Unasafiri na nani?"

"Peke yangu."

"Peke yako kama mtu aliyefukuzwa?"

Mkewe, Mama Nafula, akaweka birika chini. "Mama Mwende, unaenda kupokea mjukuu halafu unatoka kimya kimya kama mtu ameiba kuku? Watu watasema huna watu."

Kabla chai haijaisha kulikuwa na kamati. Mwenyekiti, Mzee Wafula. Chakula, Mama Nafula. Usafiri, Mutiso, fundi wa mabomba kutoka Machakos. Mimi mwenye safari sikupewa cheo. Nilipojaribu kusema gari moja lingetosha, Mwenyekiti akaniambia, "Mama, wewe ndiye mgeni wa heshima. Mgeni hachangii."

Kamati ikakata shauri: magari mawili. La Mzee litangulie na watu, yaani mimi na dada wawili wa kwaya. La Mutiso lifuate na mizigo, chakula, na Mama Nafula wa kukilinda.

Sasa unajua desturi yetu, anayesindikizwa habebi kitu, hata leso. Alhamisi alasiri Mama Nafula alinipokonya begi, lile lenye unga wa wimbi ulionisagia hapo 46. Halafu akanipokonya na mkoba wa mkononi.

"Huo niachie, Mama Nafula."

"Mikono ya mgeni ikae mitupu mpaka mahali pa kuagana. Ama unataka nikose baraka?"

Nikaachilia. Nani anataka kumnyima mtu baraka?

Tukaomba. Kila mtu aliomba. Mutiso aliombea hata matairi, moja moja. Tulipotoka, saa yetu ya kuondoka ilikuwa imeshaondoka bila sisi. Na Mzee Wafula, dada, huendesha kama amebeba trei ya mayai. Malori yalitupita. Mabasi yalitupita. Tukapitwa na bibi mmoja mzee anayevuta farasi kwa trela, na yule farasi akatuangalia.

"Mzee, kweli tutafika?"

"Mama, Ibrahimu alifika na hakuwa na gari."

Na kweli, kwa neema, tulifika. Mvua inanyesha, lakini dirisha la abiria wa miguu bado liko wazi, watu wachache mbele yetu. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Msichana wa dirishani akaniambia, "Pasipoti, tafadhali."

Nikaangalia mikono yangu. Mitupu kama siku niliyozaliwa.

Pasipoti, tiketi, simu, vyote viko kwenye mkoba. Mkoba uko na Mama Nafula. Na nyuma yetu hakuna gari la Mutiso. Mzee akapiga simu, akaiweka sauti ya nje.

"Mutiso, mko wapi?"

"Tumesimama kidogo, Mzee."

"Gari limeharibika?"

"Gari liko sawa. Ni kuku."

Mama Nafula alikuwa amekaanga kuku wawili wazima nimpelekee Mwende. Njiani Mutiso akakumbuka kusikia kwamba nyama haivuki kuingia nchi ya pili, inachukuliwa mlangoni na kutupwa. Mama Nafula akauliza, "Kuku wangu atupwe na serikali? Simamisha gari!" Wakasimama kando ya barabara, wakaomba, wakaanza kula. Wakati tunapiga simu walikuwa kwenye kuku wa pili.

"Mama Mwende anafungiwa dirisha!" Mzee alipiga kelele.

"Woi! Tunakuja, Mzee. Na firigisi zako tumeziweka."

Mzee akaisogeza simu karibu. "Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Haya. Lakini kimbieni."

Dada, hapo nililia. Wale wa mbele yangu waliisha wote, wakapita na vibegi vyao vya magurudumu. Nilikuwa naona tu kile chumba cha Kianda na mvua yake, na mtoto wangu ameshika mkono wa mtu asiyemjua. Nikaomba: Bwana, wewe uliigawanya bahari, mimi sijaomba makubwa hayo. Wewe zuia tu hili dirisha. Dada wa kwaya wakanizunguka, wakaanza kuimba pole pole. Mzee akashika besi.

Msichana akachungulia. "Hawa wote wanasafiri?"

"Hapana. Ni mimi tu."

"Sasa hawa ni nani?"

Kizungu changu kikakataa kabisa kunipa neno. Nikamwambia, "Ni watu wangu."

Akatuangalia mmoja mmoja. Akaangalia saa ukutani. Halafu akainama, akaanza kupanga karatasi zake, taratibu sana, karatasi ambazo mimi niliona kwa macho yangu zimeshapangwa.

Alikuwa bado anazipanga wakati Mama Nafula aliingia mbio, mkoba kichwani, viatu mkononi, Mutiso nyuma yake na begi. Mama Nafula mwenyewe ndiye aliyetoa pasipoti, na vidole vyote vina mafuta. Msichana akaipokea, akainusa.

"Kuku?" akauliza.

"Kuku," nikakubali.

Akagonga muhuri wake huku anacheka. Mzee Wafula akavua kofia. "Basi kabla mama hajaondoka, tufunge kwa neno fupi..."

"Mzee!" Hata Mutiso alipiga kelele. Mungu anisamehe, nilikimbia bila kusema Amina.

Ndani ya feri kila mtu alikuwa amekaa na begi lake, hakuna aliyemlilia mwenzake. Nikakumbuka siku mliponileta uwanja wa ndege, ploti nzima, hata yule mama wa mandazi ambaye hakualikwa. Siku ile niliona haya kwa sababu ya wingi wenu. Nisamehe. Nilinusa pasipoti yangu nikajisikia tajiri.

Nilifika, na haraka yote hiyo, mtoto akakataa kutoka! Akakaa siku kadhaa zaidi, mamake anakunywa uji wako wa wimbi. Ilipofika saa yake nilikuwa pale, mkono wa Mwende uko ndani ya mkono wangu, vidole vyangu vinauma mpaka leo. Ni mvulana. Jina la kwanza ni la wakwe, kama ilivyo haki. La pili Mwende amesema ni Kyalo, mtoto wa safari, kwa sababu ametusafirisha.

Mzee Wafula hajakubali. Amepiga simu: "Mama, siku ile mvua ilinyesha. Kwetu mtoto wa mvua ni Wafula. Jina liko wazi."

Nikamwambia, "Mzee, huku mvua hunyesha kila siku. Tukikufuata, nchi nzima itaitwa Wafula."

Akafikiria. "Si vibaya," akasema.

Msalimie kaka yetu Mutua, fundi wa kuchomelea pale Kianda, na mkewe. Mwambie Kioko mwanao avae kofia akiendesha boda boda, mama yake mdogo hajalala kwa sababu yake. Msalimie mama mchungaji wenu, na yule mama wa mandazi mwambie nimemtaja.

Narudi Uingereza mwisho wa mwezi. Kamati imeshakutana kupanga kunipokea. Nimewaambia mkoba wangu nitabeba mwenyewe. Wamesema watalijadili.

Bwana akulinde wewe na goti lako.

Ni mimi mdogo wako Ndinda,
ambaye sasa ni nyanya, susu wa mtu.