Karatasi ya Kifo ya Ouma

Akinyi, nyakwara, mjukuu wangu,

Sisi hapa Obunga tungali tunapumua. Mama yako bado anauza mitumba soko la Kibuye, magoti yangu nayo yamekataa kazi. Umeniuliza kama huko Hargeisa ulikoajiriwa ni nchi au si nchi, kwa sababu mimi nilifika kabla yako.

Nilifika na ndugu yangu Ouma, tukitengeneza malori ya chakula cha msaada. Watu wa huko walikuwa wametoka tu kujitenga na Somalia. Bomu lililofukiwa barabarani likamuua Ouma. Daktari wao akanipa karatasi ya kifo yenye mhuri wa serikali yao, nikambeba ndugu yangu hadi mpakani nimlete nyumbani Bondo.

Afisa wa upande wa pili aliisoma mara mbili. "Bwana, hiyo serikali haiko. Kwangu mimi huyu hajafa."

Nilingoja siku tatu kwenye jua lile, kisha nikamzika kando ya barabara. Nyumbani tukafanya tunavyofanya mwili usipopatikana: tulichuma tunda la yago, refu kama mkono wa mtu, tukalilaza kwenye jeneza na kulililia. Mama yetu aliniuliza hadi anakufa kama nilimzika Ouma vizuri. Nilikuwa namjibu ndiyo.

Kwa hivyo sijui kama ni nchi. Wana bendera, wana polisi, na dunia karibu yote inawaambia hawako. Sasa unasema mashariki ya huko wameanza kupigana tena.

Rudi, Akinyi. Ule mti wa yago tulishaukata tukachoma makaa, na mimi sina nguvu ya kutafuta mwingine.

Babu yako