Picha ya Adui

Kwako dada yangu,

Shikamoo. Naitanguliza kabla ya jambo lolote, maana shikamoo ni haki ya mkubwa hata siku ambayo mdogo wake amenuna. Hujambo? Shemeji naye hajambo? Mgongo wake umetulia, au bado anainuka kwa awamu kama ngamia? Na vile vidole vyako viwili vinavyokufa ganzi ukikaa sana kwenye cherehani, vinaendeleaje? Nilikwambia ubadilishe kiti, ukabadilisha mafuta ya kuchulia. Mimi kwa mwili sijambo. Habari ya moyo utaiona chini.

Mama je? Nauliza kama mgeni, kwa kuwa umenifanya mgeni. Kwangu alikuwa amefika hatua thelathini na mbili kwa siku, kutoka kitandani hadi mlango wa jikoni na kurudi. Usimwache akae kutwa nzima kwa sababu ya huruma. Nyonga iliyoshonwa haitaki huruma, inataka mwendo. Na vile vidonge vyeupe ni baada ya chakula, si kabla.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hunishinda. Ukianza kulia, mimi ndiye huishia kuomba radhi kwa kosa lako.

Kazi yangu unaijua kwa nje. Ulinijua nikiosha chupa za maabara, ukanicheka kwamba nimekimbia vyombo vya mama nikaenda kuosha vya watu. Ukanijua nikisoma jioni, nikafeli mtihani mara moja, nikaurudia. Leo nina meza yangu, na wenye shahada kubwa kuliko yangu husimama mbele yake wakisubiri niwaambie kama walichopata ni kweli. Naletewa yale maji ya njano yanayojitenga juu ya damu, ya watu waliojitolea kujaribiwa chanjo ya Ukimwi. Nayazimua mara tatu, kisha mara tatu tena, na tena, ndani ya sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita. Halafu natia virusi vilivyotengenezwa visiweze kudhuru, nitazame ni kwenye kishimo kipi kingamwili zimeshindwa kazi. Kingamwili ndizo askari wa mwili. Wengi wao humshika adui tu, wachache humzuia. Kushika na kuzuia ni mambo mawili, na miaka yangu kumi na mitano imekwisha humo katikati.

Hilo ulilijua. Usilolijua, wala mtu mwingine yeyote wa kwetu, ni kwamba miaka mitatu iliyopita nilijitolea mimi mwenyewe, kwenye jaribio la idara nyingine. Niliona aibu kuishi kwa mikono ya wenzangu huku wangu nimeuficha kwenye koti jeupe. Nilichomwa sindano nne. Nusu yetu tulipewa chanjo, nusu maji ya chumvi, na hakuna aliyeambiwa yuko upande gani. Mwaka jana bahasha zikafunguliwa: mimi nilipewa chanjo yenyewe. Na chanjo yenyewe haikufaa kitu. Waliochanjwa waliambukizwa sawasawa na wa maji ya chumvi. Mwili wangu umejaa askari, lakini ni wale wa kushika tu. Nikapewa kadi na maelezo kwamba kwa miaka mingi, pengine hadi naingia kaburini, kipimo cha kawaida kitaonyesha mistari miwili nikipimwa, ingawa virusi sina. Nikaambiwa nisitoe damu kamwe, maana itamwagwa na mimi nitaitwa pembeni.

Ndipo mama akaanguka bafuni.

Siku ile hospitali unaikumbuka. Daktari alitaka ndugu watoe chupa mbili, na kila mmoja akaanza kukunja mkono wa nguo. Hata Mjomba, anayefumba macho akikatwa kucha, alijitokeza. Nikabaki mimi nimekunja mikono kifuani. Mjomba akatangaza mbele ya wauguzi kwamba haya ndiyo maajabu, mwenye duka la damu ndiye mchoyo wa damu. Shangazi akaongeza kwamba labda huyu wa ofisini mishipani ana wino. Watu wakacheka kile kicheko cha meno bila macho. Nikakuvuta kwenye korido, pale kwenye viti vya magurudumu vilivyovunjika, nikakueleza wewe peke yako. Maneno yangu nayakumbuka kwa sababu niliyapima kwanza. Nilisema mwili wangu umeonyeshwa picha ya adui ili umjue akija. Adui mwenyewe hajawahi kukanyaga mlangoni. Nikasema kile kipimo kinahesabu askari, hakimtafuti mwizi. Ukanishika mkono, ukasema yaishe hapo hapo, kifua chako ni kaburi. Kisha ukaenda kutoa damu yako, na nusu ya lawama zangu ukazibeba. Nilikupenda siku hiyo kuliko siku zote.

Mama alitoka hospitali siku ya saba akaja kwangu kwa kuwa sina ngazi. Ndani ya wiki moja alishahamisha masufuria yangu yote na kunipangia saa ya kulala. Virusi vya kazini akaviita “wageni wako”. Nikichelewa kurudi huniuliza kama wageni wangu wamegoma kuondoka. Zilipotimia wiki mbili, Jumanne, alikwambia kwenye simu, na mimi nikisikia, kwamba kwangu kumemkaa, ataleta na sanduku lake ahamie moja kwa moja. Ulicheka. Nilisikia kicheko chako kikikatika ghafla, kama unavyokata uzi kwa meno.

Jumamosi ukaja na shemeji na gari. Ulisema kwako kuna upepo mzuri na wateja wa kumchangamsha. Mama hakunitazama usoni. Niliona umekuja na chupa yako ya maji ya kumnywesha. Nikadhani ni ya safari, safari ya dakika kumi na tano.

Jumatano Shangazi alifika kunipa pole. Pole ya nini, sikujua. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, na chai akaikataa, yeye ambaye hata akija kugombana hunywa kwanza. Akaniambia nisivunjike moyo, siku hizi watu wanaishi nao miaka na miaka, ila tu nisingemficha mama yangu. Akasema hata kwenye picha ugonjwa umeonekana. Nikamuuliza picha gani. Akashangaa mtaalamu mzima nauliza swali hilo: picha ya hospitali, ile ya kifua, ugonjwa umetapakaa mweupe. Dada, nilitaka kucheka. Hakuna mashine inayopiga kifua picha ikaona kirusi. Kisha nikalirudia neno lake moyoni. Neno hilo, picha, kwenye habari hii nimelitamka mara moja tu maishani, kwa mtu mmoja. Kwenye kadi halimo. Kazini hatusemi hivyo. Habari ilikuwa imebadilishwa nguo njiani, lakini mshono ulikuwa wako.

Nikamuuliza alisikia lini. Bila kujua anachonipa, akasema Alhamisi, kwako, ukimpima gauni; pini zilikuwa begani hata asiweze kukaa chini kwa mshtuko.

Nilimpigia shemeji. Akasema nisikuhukumu, eti ulikuwa unanitetea, maana watu walikuwa bado wananisema kwamba nilimnyima mama damu. Nilitamani iwe hivyo. Kwa siku mbili nililala nikijiambia kwamba dada alinitetea vibaya, basi. Siku ya tatu nikafanya kile ambacho wewe mwenyewe ulinipachikia jina kwa sababu yake. Nikahesabu. Tangu korido hadi ile Jumanne ni siku ishirini na moja. Siku zote hizo nilitukanwa, nikaitwa mchoyo, na dawa yangu ilikuwa mdomoni mwako. Ukafunga mdomo kama ulivyoahidi. Ya ishirini na moja mama akasema anahamia kwangu. Ya ishirini na tatu ukaufungua. Ya ishirini na tano ukamchukua. Utetezi gani huo unaosubiri sanduku?

Na ukaufungua nusu. Mistari miwili uliisema. Mwizi ambaye hajawahi kuingia ukamwacha koridoni.

Sasa na mimi nitoe langu, lisije likaozea ndani. Kila miezi sita napimwa kwa kipimo kingine, kile kinachomtafuta mwizi mwenyewe. Karatasi ya mwisho inasema hayupo. Ilikuwa kabatini muda wote huo, hatua nne kutoka kitanda cha mama. Ningeweza kuitoa Shangazi alipoisukuma chai. Sikuitoa, na sababu ya kwanza siionei haya: nikionyesha karatasi ili niruhusiwe kumshika mama yangu, basi nimekubali kwamba asiye na karatasi hiyo asimshike wake. Miaka kumi na mitano nimekula kwa damu ya waliojitolea, na wapo kati yao walioambukizwa. Kikombe hakiambukizi, na wewe unajua, ulifundishwa kliniki ukiwa na mimba zote tatu. Sikasiriki kwa kuitwa mwenye virusi. Nakasirika kwamba mliona hiyo inatosha kunipokonya mama.

Sababu ya pili ni chafu. Nilitaka kuwapima. Niliandika watu wetu kumi na mmoja nyuma ya daftari langu la kazi, nikasubiri nione nani atakunywa chai yangu bila karatasi. Alikuja mmoja. Mjomba, yule yule wa duka la damu. Alikunywa vikombe vitatu, akalalamika sukari haitoshi, akalala kwenye kochi langu mdomo wazi, wala hakuuliza chochote. Wakati mimi nachezea hesabu hiyo, mama alikuwa kwako akiamini atanizika. Nilimwacha hivyo siku kumi na nane. Hilo ni langu, sikutupii wewe.

Jumapili nilishindwa. Nilikuja kwako ulipokuwa umetoka kupeleka nguo za watu, nikampa mama karatasi. Aliishika mbali na macho yake, akaisoma yote, hata muhuri. Kisha akaniambia kwa upole, ule upole wa kumwambia mgonjwa, kwamba makaratasi haya si ndiyo tunayoandika wenyewe huko kazini. Akaikunja vizuri akanirudishia. Halafu akauliza, “Dada yako anasemaje?”

Ndiyo maana nimekuandikia. Miaka kumi na mitano ya kazi yangu, mihuri na mashine, mama anaweka pembeni asubiri mdomo wako. Nilitembea hadi nyumbani kwa miguu, sikuona barabara.

Karatasi sikuiweka humu, usiitafute ndani ya bahasha. Kaa kitandani kwa mama, umwambie maneno yangu ya koridoni, yote, nusu uliyoisema na nusu uliyoiacha. Umwambie ulisema siku gani, na kwa nini. Na akikuuliza kama angeweza kunywa kikombe kimoja nami hata kama ningekuwa na virusi, umjibu anavyostahili kujibiwa. Uliyasema bila karatasi na watu wakaamini. Yafute bila karatasi.

Ungesema tu kwamba unamtaka mama, dada. Tungegawana mwaka, miezi sita kwa sita. Hata saba kwako ningekupa, kwa kuwa wewe ni mkubwa.

Mpe shemeji salamu zangu, na wanao watatu uwabusu kwa niaba yangu kama bado busu langu linapokelewa. Shangazi mwambie gauni limempendeza, nimemwona nalo kwa mbali. Mjomba usimsumbue kwa salamu. Yeye hupita mwenyewe. Mama usimsomee barua hii. Mwambie wewe.

Ni mimi mdogo wako, tumbo moja, hata sasa,

Hesabu