Udongo wa Chumba cha Ndani

Mama,

Nyumba imekwisha. Fundi Bakari aliondoka jana kurudi kwao Mbwajumali, nami nimefagia mpaka vumbi la chokaa limekwisha, au nadhani limekwisha. Nikikaa kidogo naliona tena juu ya meza. Nimeona nikuandikie, kwa sababu nyumba ilikuwa yako na hakuna aliyekuuliza.

Sijalia bado. Watu walidhani nalia nikiwa peke yangu, nami nikawaacha wadhani hivyo. Siku ya khitma yako nilikuwa nikihesabu vikombe.

Jeneza lako lilipokwisha kutolewa, nilifunga mlango wa chumba cha ndani kwa ufunguo wako, nikauweka ufunguo kwenye kasha la nguo. Mimi na mume wangu Omari tukalala msanani, kwenye ukumbi wa mbele. Kisha nikajua kuwa nina mimba. Wewe hukujua, Mama, na mimi pia sikujua siku ile, ingawa mtoto alikuwa tayari yumo tumboni. Omari alipoambiwa alizunguka nyumba nzima akitazama juu. Alipanda kiti akagonga boriti ya dari kwa kidole gumba, na vumbi la mchwa likamwagika kama unga. Akasema, "Hapa mtoto hakai, Zena. Hii dari itatushukia sote."

Basi ikaanza kazi. Boriti zote zimebadilishwa. Ukuta wa kiwandani, kwenye ua katikati ya nyumba, uliokuwa umetuna kwa unyevu umekwanguliwa hadi kwenye mawe. Sahani zako za zidakani, vile vishubaka vya ukutani, nilizishusha mwenyewe, nikazifunga kwenye leso zako moja moja. Ile yenye ufa, uliyosema tusiiguse mpaka aje fundi wa kuunga sahani, iko salama. Omari alitaka saruji, kama nyumba mpya za serikali. Nilisema chokaa. Sijui kwa nini nilisema. Nilikuwa nimezoea kunyamaza, na hata Omari alishtuka. Fundi Bakari alikuwa akikwangua tabaka moja baada ya jingine, akaniambia, "Bi Zena, nyumba hii ya mamako imekula chokaa zaidi ya wali tuliokula sisi wote." Vibarua wakacheka. Nadhani na mimi nilicheka.

Unakumbuka chokaa ikimeguka darini na kudondoka kwenye chakula? Mimi nasukuma sahani, wewe unaitoa ile punje kwa ukucha na kusema, "Kula tu, mwanangu. Nyumba nayo yaona ndaa." Shuleni mwalimu wetu wa kutoka bara alitufundisha tuseme njaa. Nilirudi nikakurekebisha, ukaniambia basi nimpelekee mwalimu chakula, maana anaonekana anayo.

Chumba cha ndani kilibaki cha mwisho. Omari alitaka kukifanya ghala la boriti fupi na kamba za biashara yake. Alisema mtoto wake hatazaliwa mahali palipooshewa maiti, eti nitakwenda kuzalia hospitali, au kwa mama yake. Nilimpa Fundi Bakari ufunguo, nikaketi dakani, kwenye baraza la mlango, nikitazama mlango wa jirani.

Nilijua sakafu itachimbwa. Ile sakafu ilikuwa imedidimia, hata wewe ulikuwa ukijikwaa. Lakini kuna jambo ambalo mafundi hawakulijua, na Omari hakulijua, kwa kuwa wanaume hawaingii mwanamke akioshwa. Hawakujua mfuo wa maji ya maiti ulichimbwa wapi. Mimi najua. Nilishika taa. Ulichimbwa kando ya ukuta wa kibla, wakakulaza juu yake kwenye kitanda cha kamba, na maji yote yaliyokupitia yakaingia katika lile shimo. Mama mdogo Rukia akalifukia kwa udongo ule ule, akalikanyaga polepole bila viatu.

Nilipaswa kumwambia fundi. Nilibaki dakani.

Athumani wa punda alikuwa akija na kwenda, anabeba kifusi, anakimwaga ufukoni wanapojaza bahari kupata nchi kavu. Nilimwona akipita mbele yangu na shogi za punda zimejaa. Udongo wa juu ulikuwa mweusi zaidi, una unyevu, nikajua ni wa mfuo. Nikaendelea kukaa. Punda alikwisha kupita kona ndipo nikasimama.

Mama, nilivaa buibui ndani nje. Nilikwenda mbio katika ile njia nyembamba, tumbo limetangulia, mkono mmoja ukutani. Nilimkuta Athumani karibu na msikiti, nikamwambia arudi. Akanitazama, akamtazama punda.

"Bi, kurudi na mzigo? Huyu hajazoea. Akifika na mzigo ni ufukoni, akirudi ni mtupu. Atadhani nimerukwa na akili."

"Mrudishe."

"Ni kifusi tu, Bi Zena."

"Najua ni nini."

Kweli punda alikataa. Athumani akamsukuma kwa bega, na mtu mmoja aliyekuwa akitoka msikitini akasaidia kuvuta bila kuuliza. Tukarudi hivyo, punda akigeuza kichwa kila hatua kutazama bahari.

Mama mdogo Rukia alikuwa amefika na kikapu chake. Akasimama kiwandani akatukagua mmoja mmoja. "Zena, buibui lako liko ndani nje. Na huyo punda mbona yuaingia nyumbani? Mwamkaribisha chai?" Kisha akaona udongo. Akakiweka kikapu chini.

Omari ndiye aliyesema. "Ni udongo, Zena. Aliyeoshwa amekwisha kwenda kwa Mola wake. Udongo hauna mtu."

"Kweli hauna mtu," Mama mdogo akasema. "Dini haikutuambia tuuweke wala tuutupe. Lakini mwenye nyumba ameukimbilia na tumbo hilo. Fundi, shimo lilikuwa pale. Urudisheni, kisha mkandike juu yake."

Omari akaleta tena yale ya mtoto na maiti. Mama mdogo akacheka mpaka akashika ukuta mbichi. "Na wewe Omari ulizaliwa wapi? Si mimi niliyekupokea? Chumba cha ndani kama hiki, na bibi yako alikuwa ameoshewa mumo humo. Umetoka mzima, ila kunyamaza hukujaliwa." Kisha akanigeukia mimi. "Sema wewe. Utazalia wapi?"

Nilikuwa nikitazama mikono yake. Ndiyo iliyonipokea mimi kutoka kwako, ndani humo. Ndiyo iliyokuosha. Kucha zake zilikuwa na chokaa.

"Ndani," nikasema.

Omari alitoka, akakaa dakani muda. Aliporudi alikuwa amebeba boriti mbili ndefu, zile alizokuwa amezitenga kwa mteja, akamwambia fundi azitie kwenye dari ya ndani. Hilo ndilo jibu lake. Wamjua.

Basi udongo umerudi mahali pake, na juu yake sakafu mpya, laini. Ukuta ni mweupe mpaka macho yanauma. Fundi alitoboa tundu dogo karibu na dari lipitishe hewa, nami nikakubali. Jana usiku nililala humo mara ya kwanza. Nilidhani nitasikia kitu. Sikusikia kitu. Nililala.

Leo mchana tulikula humo wali na samaki. Hakuna kilichodondoka kwenye sahani. Nilingoja, mkono wangu umeifunika sahani kama nilivyozoea, Omari akaniuliza nakinga nini. Fundi alisema chokaa mpya nayo itaanza kumeguka siku moja, chokaa ndivyo ilivyo.

Mama, nakuacha kwa Mwenye kukupokea, na namwomba akupanulie huko kuliko nyumba hii. Mlango wa ndani sitaufunga tena. Mtoto atazaliwa humo, kwa mikono unayoijua, na akipata akili ya kula mwenyewe nitamkalisha pale kando ya ukuta wa kibla. Punje ikimdondokea kwenye wali, nitaitoa kwa ukucha na kumwambia ale tu, nyumba nayo yaona ndaa. Akirudi kutoka shuleni kunirekebisha kuwa ni njaa, nitamwachia.

Mwanao,
Zena