Kofi Katikati ya Rozari

Mama Donatus, nimempiga kofi mkwe wangu Paskazia, tena katikati ya rozari.

Nilimwona anapanua kinywa polepole, ulimi kaugusisha juu kwenye kaakaa, anafunga, anapanua tena. Nikamwambia, "Unamdhihaki Mama Maria?" Nikampiga. Taya likakwama palepale.

Kumbe ni mazoezi aliyopewa na dresa wa zahanati kule Isaka, ayafanye kila taya likianza kumbana. Mwanangu Maganga, mumewe, ndiye kaniambia. Paskazia mwenyewe aliona haya kumweleza mama mkwe habari za kinywa.

Nimempiga mgonjwa, Mama Donatus.

Nimemkanda kwa kitambaa cha maji moto, kuanzia chini ya sikio kushuka, mpaka taya likaachia. Neno lake la kwanza likawa, "Mama, unisamehe."

Mimi ndiye wa kumwomba radhi. Njoo unisaidie.