Vipande vya Gia ya Cherehani

Shikamoo Bibi,

Hili sijamwambia mtu: cherehani yako haikuharibika kwa uzee. Niliizungusha kwa nguvu mpaka meno ya gia yakakatika, nikavificha vipande begini.

Leo shule imetuleta Rwamgasa, kwa wachimbaji wa dhahabu, kuwaona watafiti wetu na wenzao wa Rwanda. Wana mashine inayojenga vipuri tabaka juu ya tabaka. Fundi wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, alileta gia iliyovunjika. Alikuwa ameipiga tupa mpaka inang'aa, kwa heshima ya wageni.

Mtafiti wa Kigali akashika kichwa. "Mzee wangu, umetufutia ushahidi! Palipovunjika ndipo panapotufundisha pa kuimarisha."

"Kumbe mnapenda uchafu!" fundi akajibu. Watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilinyoosha mkono, Bibi, mimi nisiyenyoosha hata darasani, nikatoa vipande vyako vikiwa bado na mafuta. Mtafiti akavigeuza polepole. "Hivi vinaongea, binti. Tutajaribu kujenga gia mpya."

Nakuombea mvua njema huko Songwa, na mgongo upone. Niliandika jina lako kwenye bahasha ya vipande, nikamkabidhi mtafiti, kisha nikakaa chini kukuandikia.

Mjukuu wako, Kabula